Robota la Arobaini na Moja

Katika godauni la karatasi chakavu pale Tandika, wanawake wamegawanyika makundi mawili: wanaokaa meza ya karatasi nyeupe, chini ya feni, na wanaochambua maboksi uani, juani. Mshahara unapishana kidogo tu, lakini heshima inapishana sana. Wa meza ya nyeupe huitwa mama hata na msimamizi. Wa uani huitwa kwa mluzi. Sesilia Nandonde, ambaye mtaani kwake Mbagala alijulikana zaidi kama Mama Jenipher, alikuwa amekaa chini ya feni miaka kumi na miwili, na hakuna robota lake hata moja lililowahi kurudishwa.

Kurudishwa ndiyo balaa kubwa ya biashara hiyo. Karatasi inabanwa kwa mashine kuwa robota, inafungwa waya, inapanda kontena na kwenda kiwandani India, na huko kuna mtu asiyejulikana jina ambaye Tandika nzima inamwogopa. Mtu huyo hufungua robota moja kati ya kumi. Akikuta pini, kipande cha nailoni, karatasi ya kaboni au jalada la kaki katikati ya nyeupe, mzigo wote unashushwa daraja na kulipwa bei ya maboksi. Ndiyo maana mchambuaji mzuri analindwa kama fundi wa saa, ingawa halipwi kama fundi wa saa.

Sesilia aliijua karatasi kwa sauti yake ikichanika. Aliweza kufumba macho akakwambia hii ni ya kiwanda, hii imeshawahi kuwa karatasi mara mbili huko nyuma. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakusoma. Mezani pake zilipita barua za mapenzi, mitihani ya watoto, vyeti vya ndoa na majibu ya hospitali, na vyote alivitazama rangi tu. Kusoma kunachelewesha mkono, na meza ya nyeupe inapimwa kwa kilo.

Jumanne hiyo magunia yalitoka kwenye ofisi moja ya ardhi, ambayo haina haja ya kutajwa kwa sababu inajijua. Ofisi hiyo ilikuwa inahamia jengo jipya, lenye vigae na kiyoyozi, na ilionekana si busara kuingia kwenye vigae na makaratasi ya zamani. Wakayauza kwa kilo. Sesilia akayapokea kwa furaha, maana karatasi za serikali ni nyeupe nzuri. Akawa anavuta jalada la kaki na kulitupa kushoto, anang'oa pini, anasukuma kurasa kulia. Faili moja halikuchukua hata robo dakika. Kufika saa sita mchana magunia manne yalikuwa yamekwisha, na robota la arobaini na moja lilikuwa limebanwa, limefungwa waya na kuandikwa namba.

Bupe, mwenzake wa meza ya pili, ndiye aliyeinama kukusanya yale majalada ya kaki ayapeleke uani. Akasimama na moja mkononi.

"Mama Jenipher, kumbe shemeji bosi siku hizi? Ana faili kabisa ofisini."

"Faili gani tena?"

"Nandonde, Albano. Kiwanja, Kimbiji. Au kuna Nandonde mwingine mjini?"

Sesilia akalichukua lile jalada. Lilikuwa tupu. Alikuwa amelimenya mwenyewe, kwa mikono yake, vizuri kama alivyozoea, na hakubakiza hata pini.

Faili hilo lilikuwa limetafutwa miaka miwili. Albano, mumewe, mchonga vinyago, alinunua kiwanja Kimbiji zamani barabara ilipokuwa bado ya kukisia, na Sesilia akapeleka pale matofali mia nane. Siku moja alikwenda kuyatazama matofali yake akamkuta mwanamke mmoja, Bi Zubeda, mjane wa Kigamboni, anafyeka. Bi Zubeda alisema kiwanja alikinunua kwa Albano. Sesilia akasema hilo haliwezekani, na ni yeye aliyekwenda kufungua shauri kwenye baraza la ardhi. Shauri liliandikwa kwa jina la Albano mwenye kiwanja, naye alimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Bi Zubeda hakuwa na karatasi ya kuonyesha, kwa sababu nakala yake aliipeleka ofisi ya ardhi igongwe muhuri, nayo ikapotelea humo humo. Kila baraza lilipokaa, ofisa wa ardhi alisimama akasema faili halionekani. Keshokutwa, Alhamisi, baraza lilikuwa linakaa kwa mara ya mwisho.

Na faili sasa lilikuwa ndani ya robota, na kontena lilikuwa linafungwa kesho asubuhi.

*

"Haiwezekani, mama," alisema Leodegar, msimamizi. Alikuwa kijana wa Bukoba, mpole, ila upole wake uliishia kwenye daftari. "Robota likishafungwa, waya wake umeshahesabiwa. Ningefungua kwa kila mtu aliyesahau kitu humo, tungekuwa tunauza nini?"

"Sijasahau kitu. Ni faili la kiwanja chetu."

"Likishaingia hapa si la mtu. Ni nyeupe." Akafikiri kidogo, akaona amekuwa mkali. "Utaratibu unaujua kuliko mie. Robota linafunguliwa kwa sababu moja tu. Mchambuaji mwenyewe aseme ni chafu, na aweke saini kwenye daftari. Na wewe hujawahi."

Sesilia aliijua adhabu. Mchambuaji aliyetoa robota chafu huondolewa mezani, anakwenda uani kwenye maboksi miezi mitatu, na akirudi huwa haketi tena palepale. Alitazama feni. Alimtazama Bupe, ambaye alijifanya anahesabu magunia. Akafikiria nyumba ya kupanga ya Mbagala, choo cha watu kumi na nne, na matofali mia nane yanayoota majani.

"Lina kaboni," akasema.

"Mama."

"Robota la arobaini na moja lina karatasi za kaboni. Nilipitiwa. Lete daftari."

Akaandika kwa mwandiko wake uliolala vizuri upande mmoja, mwandiko ambao darasa la saba huko Newala uliwahi kubandikwa ukutani wengine wauige. Leodegar akasoma, akatikisa kichwa, akaita vijana wakate waya. Ndani ya dakika tano godauni zima lilijua kwamba Mama Jenipher ametoa robota chafu, na wale wa uani, ambao kwa miaka kumi na miwili walimwamkia wakiwa na kinyongo, waliingia kwa zamu kuja kunywa maji ili wamwone.

Robota likikatwa waya hufumuka kama godoro. Sesilia alipiga magoti akachambua upya kilo zaidi ya mia nne, na kila aliyepita alimwuliza kama kaboni imeonekana. Kurasa za faili hakuzitafuta kwa kusoma. Pini ya faili lile ilikuwa ya zamani, na ilikuwa imeacha alama ya kutu pembeni mwa jalada, mahali fulani, kwa umbo fulani. Akawa anatafuta kutu. Saa tisa alikuwa na kurasa saba zenye kutu inayolingana.

Getini mlinzi hapitishi karatasi, hata ya kufungia maandazi. Leodegar akasema jambo la haki ni kupima na kulipia. Akaziweka zile kurasa saba juu ya mizani ya marobota, akainama kuangalia. Mshale haukusogea. Akaongeza lile jalada la kaki. Mshale ukabaki palepale.

"Havina uzito," alisema. "Nenda navyo tu. Na kesho, mama, uripoti uani."

*

Albano alikuwa nyuma ya nyumba, amekalia kigoda, anasugua kinyago kwa msasa. Alipomwona mkewe anakuja na karatasi amezishika kwa mikono miwili, aliacha kusugua.

"Baba Jenipher, Mungu kajibu. Faili hili hapa."

"Faili gani?"

"La Kimbiji."

Albano akatazama karatasi, akatazama mlango wa jirani, akatazama karatasi tena. "Si walisema limepotea?"

"Limepotelea mezani kwangu. Nimeharibiwa jina leo kwa ajili yake, nitakuhadithia. Kuanzia kesho nipo juani."

"Umelisoma?"

"Bado. Nilitaka tulisome wote."

"Basi nipe nilihifadhi. Una vumbi mikononi."

Kwa miaka kumi na miwili Sesilia alikuwa amerudi nyumbani na vumbi la karatasi kwenye mikono, nywele na hata kope, na Albano hakuwahi kulitaja. Akakaa kwenye kizingiti. Akaanza kusoma, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka.

Kurasa tatu za mwanzo zilikuwa za kununulia kiwanja. Ukurasa wa nne ulikuwa na mwandiko wa mumewe: mimi Albano Nandonde nimemuuzia Bi Zubeda Salehe kiwanja changu kilichopo Kimbiji, na fedha yote nimepokea. Chini yake kulikuwa na tarehe. Sesilia aliikumbuka wiki ile vizuri sana. Ni wiki ambayo Albano alirudi na hela nyingi akasema kuna Mzungu kanunua vinyago kumi na viwili kwa mpigo. Walitoa sadaka ya shukrani kanisani. Sehemu ya hela ile alipewa yeye, na akaitumia kununua matofali.

"Mzungu wa vinyago kumi na viwili," akasema, "ndiye huyu Bi Zubeda?"

Albano akaupuliza msasa. "Nilikuwa nimekwama, Mama Jenipher. Magogo yote ya mpingo yalikamatwa, na hela ya magogo nilikopa. Ningekwambiaje?"

"Ungesema."

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kusema. Kabla sijaipata, wewe ukanunua matofali."

"Kwa hela ya kiwanja nikanunua matofali, nikayapeleka kwenye kiwanja hicho hicho. Na wewe ukanisaidia kuyapakia."

"Ningekukataza, ungeuliza kwa nini."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimkera zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli. Akarudi kwenye karatasi. Mwisho wa ukurasa wa nne kulikuwa na mstari mmoja alioupita haraka mara ya kwanza: mke wa muuzaji, asiyejua kusoma wala kuandika, ameridhia kwa dole gumba. Pembeni kulikuwa na dole la wino wa bluu, pana, lenye kovu lililokatiza katikati. Jeraha la kovu hilo Sesilia alilifunga mwenyewe kwa kitambaa, mwaka ule patasi ilipomteleza mumewe.

"Na hili dole la nani?"

Albano akaficha mkono chini ya kinyago.

"Mie sijui kusoma, Baba Jenipher?"

"Karani alisema lazima mke asaini. Na kama hajui kuandika, aweke dole. Nilijaribu saini yako, wallahi nilijaribu, nikachafua karatasi mbili. Haiigiki ile. Wewe una mwandiko mzuri mno."

Alilisema hilo kwa masikitiko, kama vile mwandiko ule ndio uliomponza.

Sesilia aliona aibu. Si kwa sababu ya kiwanja kwanza. Uchungu wa kiwanja ulikuja baadaye. Alikumbuka alivyosimama mbele ya watu barazani akamwita Bi Zubeda mwizi wa mchana, mjane anayetafuta urithi kwa waume za watu. Na yule mama alikaza tu mtandio wake.

"Sikiliza," alisema Albano, sasa kwa sauti ya chini na ya haraka. "Mwenyekiti mwenyewe kashagusia. Faili likiendelea kukosekana, ishu inaisha Alhamisi, wanampa mwenye matofali. Mwenye matofali ni nani? Wewe. Kesho unaenda nazo kazini kama kawaida. Zirudi kwenye robota, zibanwe, ziende zao. Nani atazifuata India?"

"Na Bi Zubeda?"

"Tutamtafutia chochote mbele ya safari."

Sesilia akazikunja zile karatasi, akaziingiza kifuani, akaingia ndani kupika. Alipika ugali mzuri tu, wakala wakamaliza. Kesho yake alikwenda kazini, akakaa juani kwenye maboksi, na jioni akarudi. Albano alimwuliza kwa macho, na yeye akamwangalia bila kujibu. Albano akalichukulia hilo kuwa ndiyo, maana mtu mwenye shida huona ndiyo kila mahali.

*

Baraza lilikaa kwenye chumba chenye madawati ya shule. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na katibu wake, Brightson, alikuwa kijana msafi aliyeandika kila kitu hata watu wakikohoa. Ofisa wa ardhi alikaa pembeni, amevaa tai, miguu amekunja nne.

"Faili?" aliuliza mwenyekiti.

"Mheshimiwa, tumelitafuta tena kwa kina," alisema ofisa. "Halionekani."

"Mzee Nandonde?"

Albano akasimama. "Mheshimiwa, mie ni mtu mdogo. Faili la mtu mdogo likipotea, limepotea. Naliachia baraza."

Alisema vizuri. Hata Brightson aliacha kuandika kidogo akamtazama kwa huruma. Bi Zubeda alipoitwa alisema maneno yale yale ya miaka miwili: alilipa, kwa hela ya mirathi ya marehemu mumewe, na hana karatasi. Mwenyekiti akavua miwani kama mtu anayejiandaa kufunga shauri.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Sesilia, akasimama. "Karatasi zipo."

Akazitoa kifuani akaziweka mezani, kurasa saba juu ya jalada lake la kaki. Albano akakaa chini bila kuambiwa.

"Marahaba. Umezipata wapi?"

"Kazini. Mie nachambua karatasi. Zilikuja kwenye gunia."

Ofisa wa ardhi akashusha mguu. Mtu yeyote angeweza kuuliza swali hapo, lakini swali lenyewe lilikuwa linamwelekea mtu mwenye tai, na hakuna aliyeliuliza. Mwenyekiti akavaa miwani tena akasoma. Alisoma ukurasa wa nne mara mbili.

"Mzee Nandonde, mauzo haya yapo wazi. Limebaki jambo moja tu." Akamgeukia Sesilia. "Mama, hapa pana dole la mke wa muuzaji, kwamba aliridhia. Kama si lako, mauzo yanavunjika hapa hapa, kiwanja kinarudi kwenu, na hilo la kughushi tunalipeleka polisi leo. Kama ni lako, kiwanja ni cha Bi Zubeda. Ni lako?"

Hakuwahi kuulizwa swali lenye majibu mawili yaliyonyooka namna ile. Akisema si langu, angekuwa amesema kweli tupu. Angepata kiwanja, matofali yake na jina lake, na Bi Zubeda angebaki bila kiwanja, anafukuzia hela yake kwa mtu aliye mahabusu. Alimtazama Albano. Jasho lilikuwa limemlowanisha kola, na dole gumba alikuwa amelifumbata ndani ya ngumi. Sesilia alikuwa na hasira naye kuliko alivyopata kuwa na hasira na mtu yeyote, na bado hakutaka kumpelekea chakula mahabusu. Kisha akamtazama Bi Zubeda. Huyo hakuwa akimtazama mtu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja kuibiwa mara ya pili.

"Ni langu," alisema Sesilia.

"Una hakika?"

"Langu. Niliridhia. Na nilimtukana huyu mama hapa hapa, namwomba radhi hapa hapa."

Bi Zubeda akainua uso. "Nimesikia, mwanangu," akasema.

Hakuna aliyelinganisha dole. Mwenyekiti alitamka kiwanja ni cha Bi Zubeda, matofali yaondolewe ndani ya siku thelathini, na akaita shauri lingine. Brightson aliandika maelezo ya Sesilia, akamsogezea kiti karibu, akaanza kumsomea. Alisoma polepole na kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama anavyosomewa mtu kiziwi: kwamba yeye Sesilia Nandonde, asiyejua kusoma wala kuandika, amethibitisha dole lililopo ni lake.

"Umeelewa, mama?"

Sesilia alikuwa ameshamaliza kuusoma ukurasa wote juu chini, kutoka upande wake wa meza, kabla Brightson hajafika mstari wa pili. Kulikuwa na makosa mawili ya tahajia. Alitazama kalamu iliyolala pale mkononi mwa kijana, na hakuiomba.

"Nimeelewa, baba."

Brightson akafungua kidau cha wino. Akamshika dole gumba kwa upole, akalichovya, akamwongoza mpaka mahali penyewe, akalibonyeza. "Hivyo hivyo," akamwambia. "Umeweza."

Nje, Albano alikuwa anamsubiri kando ya ukuta. Rangi ilikuwa imemrudia usoni, na alikuwa ameanza hata kutabasamu, kwa woga, kama mtu aliyetolewa shimoni. "Ahsante, Mama Jenipher," akamnong'oneza. "Kweli wewe ni mtu. Umeniokoa."

Sesilia alitazama dole lake. Alikuwa akitafuta pa kupangusia wino. Akanyoosha mkono, akaushika ubavu wa shati jeupe la kanisani alilovaa Albano, lile alilompigia pasi mwenyewe asubuhi, na akalifuta dole lake pale kifuani, taratibu, mara tatu, mpaka likatakata. Albano alisimama akaacha afutiwe, na alipomaliza, mkewe akamwacha pale akamfuata Bi Zubeda kumwuliza habari ya matofali.